Kipunji: Jina na Sehemu Zake

Majina ya kitaalamu ya wanyama huwatisha wanafunzi wengi kwa urefu wake. Hata hivyo, jina refu likigawanywa katika silabi na katika sehemu zenye maana, hueleweka upesi. Mfano mzuri umetoka Nyanda za Juu Kusini, nao ni Rungwecebus kipunji.

Mnyama huyu ni kima apatikanaye Tanzania tu, katika misitu ya Rungwe na Livingstone na katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Watafiti walipata habari zake Rungwe mwaka 2003 kutoka kwa wenyeji. Mwaka 2004 kundi jingine la watafiti lilimwona Ndundulu. Mwaka 2005 alitangazwa kwa jina la Lophocebus kipunji.

Neno Lophocebus limetokana na maneno mawili ya Kiyunani: lophos, yaani kishungi, na kebos, yaani kima. Lilionekana kumfaa, kwa kuwa ana kishungi cha nywele utosini. Lakini mwaka huo huo kipunji mmoja mchanga alikutwa amekufa mtegoni, katika shamba la mahindi huko Rungwe. Uchunguzi wa mwili wake na vinasaba vyake ulionyesha kuwa jamaa zake wa karibu zaidi ni nyani. Hivyo, mwaka 2006 iliundwa jenasi mpya: Rungwe, jina la mlima, na cebus, umbo la Kilatini la kebos. Hiyo ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Katika kulitamka, Rungwe ina silabi mbili, Ru-ngwe, wala si Rung-we. Ni kama vile Kalenga isemwavyo Ka-le-nga. Silabi ce Waingereza huitamka “si”, lakini katika Kilatini cha kale ilikuwa “ke”. Mkazo huwa juu yake, silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na katika ki-PU-nji.

Neno kipunji lenyewe ni la Wanyakyusa. Jenasi ilipobadilishwa, neno hilo halikuguswa, kwani kwa kanuni za uainishaji jina la spishi hubaki hata spishi ikihamishwa. Jina lililotokana na kishungi liliachwa. La wenyeji limedumu.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kuwa kipunji walikuwa 1,117 tu. Jina limekwisha kuhifadhiwa. Iliyobaki ni kazi ya kumhifadhi mwenye jina.