Mteja wa farasi: uliza haya kabla hujamtajia bei

Mimi nauza virutubisho vya mifugo mtandaoni, na wateja wa farasi na punda nao wapo. Swali lao huwa moja: "Ipi nzuri?" Usikimbilie kumtajia ya bei kubwa. Mimi huuliza mambo matatu.

1. Ni ya mnyama gani? Baadhi ya michanganyiko ya ng'ombe na kuku ina monensini. Kuku anaivumilia, lakini farasi na punda inawaua hata kwa kiasi kidogo, kwa sababu inaharibu moyo. Kama lebo haijaandika farasi, usimuuzie.

2. Anakula nini? Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Farasi anatakiwa apate kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, la sivyo mifupa inadhoofika. Anayelishwa pumba sana, mtafutie yenye kalsiamu.

3. Kuna nyingine anapewa? Farasi wa kilo 500 anahitaji seleniamu kama miligramu 1 tu kwa siku. Makopo mawili yote yakiwa na seleniamu, dozi inaweza kuzidi: nywele za shingoni na mkiani zinanyonyoka, kwato zinapasuka.

Mnyama akiwa mgonjwa, mwelekeze mteja kwa daktari wa mifugo. Faida ya kopo moja ni ndogo, ila farasi akifa, jina la duka lako linazikwa naye. Kwenye kila tangazo weka picha ya lebo, ule upande wa viambato.