Kombe la Mombasa halifai kila tangi la samaki

Kombe zuri lililookotwa ufuoni Mombasa linaweza kumuua samaki sebuleni Buruburu, Nairobi, na mwenyewe asijue kilichomuua. Pambo likishatiwa majini huwa sehemu ya maji, na samaki hana maji mengine ya kupumulia.

Makombe na matumbawe ni kalisi kaboneti, sawa na mawe ya chokaa. Huyeyuka polepole na kupandisha pH. Wakati huohuo kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, haifiki hata asilimia 1 ya amonia hiyo iliyo katika hali ya sumu kali. pH ikifika 8, huwa kama asilimia 5. Ikifika 9, kama inavyoweza kutokea ukitia pambo la saruji mbichi, hupita theluthi. Uchafu haujaongezeka hata chembe, lakini matamvua yameanza kuungua. Utamwona samaki anahema juu ya maji, mapezi ameyabana.

Samaki wa Ziwa Tanganyika hawadhuriki na makombe. Wapo hata wanaotaga ndani ya makombe ya konokono, kwa kuwa maji ya kwao ni magumu na pH iko juu. Samaki aina ya tetra wa Amazon, aliyezoea maji laini yenye asidi, huteseka.

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, shida huzidi wakati wa mgao wa maji. Bomba likikauka, watu wa Umoja na Kayole hununua maji ya kisima kwa mitungi ya mkokoteni. Maji ya visima vya Nairobi aghalabu yana magadi na floraidi, na pH yake mara nyingi imeshapanda. Hapo amonia huwa kali hata bila kombe, na maji mengine ya kubadilisha huna.

Mabati, waya wa shaba na sarafu visiingie kabisa. Zinki na shaba hushambulia matamvua, na makali yake huzidi katika maji laini kama yale ya bomba yatokayo bwawa la Ndakaini.

Kisha kuna ncha. Samaki aina ya beta mwenye mapezi marefu na samaki wa dhahabu mwenye macho yaliyotokeza hujeruhiwa na ua la plastiki gumu au jiwe lililochongoka, na kidonda huoza upesi. Pitisha soksi nyembamba ya nailoni juu ya pambo. Ikinasa, pezi nalo litanasa.

Mimi ningechagua chungu cha udongo kilichochomwa vizuri, kisicho na rangi wala king'arizi, kingo zake zikiwa zimesuguliwa kwa msasa. Mawe meusi ya volkano yaliyojaa Nairobi pia ni mazuri, kwa kuwa kwa kawaida hayana chokaa, ila usiyatoe Mto Ngong, unaopokea maji machafu ya viwanda. Gogo kavu likigeuza maji rangi ya chai usiogope, haidhuru.

Jiwe usilolijua, lidondoshee siki. Likitoa mapovu, lina chokaa: liweke dirishani, si kwenye tangi la tetra. Lisipotoa, lioshe kwa brashi na maji ya moto bila sabuni, uliloweke kwenye ndoo siku chache kabla ya kulitia ndani.