Je, Wajua? Jamaa za Airisi Ukambani Haziishi Majini

Airisi halisi haina asili Kitui wala Makueni. Mtu akikuonyesha ua la buluu kando ya kijito cha Kibwezi na kuliita airisi, ama ameona jamaa yake, ama ameona mmea uliotoroka bustanini. Jenasi hiyo ina spishi zipatazo 300, zote za nusu ya kaskazini ya dunia, na barani Afrika inaishia kaskazini kabisa. Ile ya manjano inayopenda kuota majini, Iris pseudacorus, inatoka Ulaya, Asia Magharibi na kaskazini-magharibi mwa Afrika. Huko Afrika Kusini ilipelekwa kupamba mabwawa, na leo imo katika orodha ya mimea vamizi.

Ila ukoo wake tunao, na kuutambua hakuhitaji shahada. Anza na majani. Jani la ukoo huu limejikunja tangu lilipochipuka, pande zake mbili zikaungana, kwa hiyo halina upande wa juu na wa chini kama jani la mhindi. Lina kingo mbili, mmoja ukielekea shina, mwingine ukielekea nje. Majani hujipanga bapa, yakifunguka kama karata mkononi mwa mchezaji. Kisha chungulia ndani ya ua uhesabu stameni, vile vijiti vinavyobeba chavua. Zikiwa tatu, umefika kwenye ukoo wa airisi. Zikiwa sita, tafuta kwingine.

Penye unyevu, mara nyingi utahesabu sita. Mvua za Novemba zikishatua, mbuga za udongo mweusi na kingo za mito ya msimu hutoa krinamu, maua makubwa meupe yenye mistari ya waridi ambayo wengi huyaita yungiyungi tu. Mojawapo ni Crinum macowanii. Majani yake ni mapana, yana mfereji katikati, na hulegea chini. Mbegu zake ni nene na zimejaa maji kiasi kwamba huweza kuchipua hata zikiachwa juu ya meza bila udongo. Tunguu lake lina sumu, kwa hiyo watoto wasilichezee.

Zile za stameni tatu zitafute mlimani, kwenye nyasi na mawe, na sababu yake haishangazi. Maji ya Ukambani hayakai juu. Tiva na Thwake, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ni njia za mchanga. Maji yamo chini, na anayechimba kisima mchangani analijua hilo kuliko mwanabotania yeyote. Mmea unaotegemea ukingo wenye maji mwaka mzima ungekauka mapema. Jamaa hizi za airisi zimejiwekea akiba yao wenyewe: kiangazi chote hukaa ardhini kama kiazi kidogo kilichovikwa maganda makavu, huku majani yakiwa yamekufa, na huchomoza mvua ikishalowesha udongo.

Gladiolus dalenii ndiyo rahisi kuiona. Huweza kupita mita moja, na maua yake ya rangi ya chungwa na manjano yana petali ya juu iliyojikunja kama kofia, stameni tatu zikiwa zimejificha chini yake. Ndege chozi huyafuata maua hayo kwa ajili ya asali. Vilima vya Mbooni na Kilungu ni mahali pazuri pa kuanzia. Ipo pia gladiola nyeupe yenye mrija mrefu mwembamba na harufu nzuri, ambayo vitabu vya maua ya Kenya viliiita Gladiolus ukambanensis. Weupe, harufu na mrija wa namna hiyo ni mwaliko kwa nondo wa usiku wenye ulimi mrefu.

Kwa sura, inayokaribia airisi zaidi ni Moraea schimperi, ya buluu, lakini hiyo ni ya nyasi zenye unyevu za nyanda za juu na baridi, si ya joto la Kibwezi.

Gladiola za rangi zote zinazouzwa na wachuuzi wa maua mjini zina damu ya hiyo dalenii. Mwaka 1841 Louis Van Houtte wa Ghent, Ubelgiji, aliingiza sokoni chotara aliyezaa sehemu kubwa ya gladiola za bustanini, na dalenii ilikuwa mmoja wa wazazi.

Ukikutana na mojawapo, usiing'oe. Piga picha tatu: jani kwa ubavu, ua kwa ndani, na mmea mzima pamoja na udongo wake. Kwa wataalamu wa Hebaria ya Afrika Mashariki, katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, picha ya ua kwa mbele peke yake haisaidii sana.