Muda na Mamlaka katika Uongozi wa Huduma kwa Wanafunzi wenye Ulemavu katika Vyuo Vikuu vya Tanzania

Kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu katika chuo kikuu huelezwa mara nyingi kwa vifaa vyake: mashine ya kuchapa nukta nundu, kompyuta zenye programu ya kusoma skrini, chumba cha kusomewa kwa sauti, pengine na bajaji ya kuwasafirisha wanafunzi kati ya mabweni na kumbi za mihadhara. Taarifa za mwaka hupenda orodha za namna hiyo kwa kuwa vifaa huhesabika. Makala hii inafafanua kazi ya kuongoza kitengo hicho kwa kigezo kingine, yaani muda. Hoja yake ni kwamba marekebisho yanayomfikia mwanafunzi baada ya mtihani hayastahili kuitwa marekebisho, na kwamba kuchelewa huko hutokana zaidi na mahali mamlaka yalipowekwa kuliko uhaba wa mashine.

Msingi wa kisheria haubishaniwi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, miaka 3 baada ya kupitishwa kwake, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya Mkataba, katika aya ya 5, inaitaja elimu ya juu bayana na kuzitaka nchi wanachama zihakikishe kuwa marekebisho stahiki yanatolewa. Istilahi hiyo inahitaji uangalifu. Neno la Kiingereza lililotumika katika Mkataba hutumika pia kwa maana ya malazi, na msomaji asiye makini anaweza kudhani kwamba wajibu wa chuo unaishia kwenye kumpatia mwanafunzi chumba cha ghorofa ya chini. Kwa mujibu wa Ibara ya 2, marekebisho stahiki ni mabadiliko ya lazima na yanayofaa, yasiyomwelemea mtoaji kupita kiasi, yanayofanywa pale yanapohitajika kwa mtu mahususi. Kamati ya Mkataba, katika Maoni ya Jumla Na. 2 ya mwaka 2014, ililitenganisha jambo hili na ufikivu. Ufikivu ni wajibu kwa kundi zima na hutakiwa kuwapo kabla mtu yeyote hajaomba. Mtelemko wa kuingilia maktaba hauwezi kusubiri asajiliwe mwanafunzi wa kwanza mwenye kiti cha magurudumu. Marekebisho ni wajibu kwa mtu mmoja, na huanza pale anapoyahitaji. Kiongozi wa kitengo huiona tofauti hii kila siku kazini, maana kila kilichokosekana katika ufikivu humrudia mezani kama ombi la mwanafunzi mmojammoja, tena katikati ya muhula.

Mfano unaoonesha vizuri uzito wa muda ni safari ya kitabu kimoja hadi kwenye vidole vya mwanafunzi asiyeona. Kwanza kitabu hupigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Picha hizo, hata zikihifadhiwa katika kompyuta, haziwezi kusomwa na programu ya skrini mpaka zigeuzwe kuwa maandishi halisi. Programu ya kugeuza hukosea, hasa pale nakala ya awali ilipokuwa fotokopi ya fotokopi, kama zilivyo nyingi katika vyuo vyetu. Hivyo mtu mwenye macho hulazimika kusahihisha. Kisha maandishi huingizwa katika programu ya nukta nundu, na hapo panahitajika anayejua anachokifanya: programu iliyopangwa kwa kanuni za Kiingereza cha mkato hufupisha herufi kama sh, ch na th kwa alama moja hata ndani ya maneno ya Kiswahili, na msomaji aliyefunzwa kusoma Kiswahili herufi kwa herufi hujikwaa kila mstari. Majedwali na michoro huhitaji kuelezwa upya au kuchongwa ili iguswe. Baada ya kuchapwa, ukurasa mmoja wa kawaida huweza kuzaa kurasa 2 au 3 za karatasi nene, na msomaji wa nukta nundu hupitia tena kabla ya kuzifunga. Kazi yote hii huanza siku kitengo kinapopata orodha ya vitabu vya kozi. Mhadhiri anayeigawa orodha hiyo siku ya mhadhara wa kwanza hajachelewa kwa mwanafunzi anayeona. Kwa asiyeona, amekwisha kumwondolea wiki kadhaa za muhula.

Mtihani una ugumu wa ziada ambao maandishi ya kiutawala huugusa kwa nadra. Karatasi ya mtihani ni siri, na siri hiyo hulindwa kwa kuwapunguza watu wanaoiona. Nukta nundu, kinyume chake, hudai kuongeza angalau mtu mmoja, naye aione siku kadhaa mapema. Ofisi ya mitihani isipokubali, karatasi hutolewa asubuhi ileile, na mwanafunzi husomewa maswali kwa sauti na msimamizi ambaye pengine hajui somo. Baada ya mtihani safari hurudi nyuma: majibu yaliyoandikwa kwa nukta nundu hunukuliwa kwa maandishi ya kawaida ili mhadhiri aweze kuyasahihisha. Anachokisoma mtahini ni kazi ya mnukuzi, na kosa la mnukuzi huhesabiwa kwa mwanafunzi. Tiba ya hali hii ni ya kikanuni. Wachapaji na wanukuzi wa kitengo wakiorodheshwa rasmi kuwa watumishi wa mitihani, chini ya kiapo na adhabu zilezile zinazowabana wengine, hoja ya usiri huisha nguvu. Nakala ya awali ya nukta nundu nayo ihifadhiwe pamoja na karatasi nyingine, ili rufaa ya mwanafunzi iwe na pa kurejea.

Inafaa kukumbuka kwamba mwanafunzi huyu ametoka katika mfumo wenye kiwango kinachojulikana. Katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Tanzania, watahiniwa wasioona na wenye uoni hafifu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Akifika chuo ambacho hakijaandika kiwango chake, hulazimika kujieleza upya kwa kila mhadhiri, na mara nyingine mbele ya wenzake ukumbini.

Kwa mwanafunzi kiziwi, muda hubana kwa namna nyingine. Mkalimani wa lugha ya alama huchoka, na ukalimani wa mhadhara mrefu huhitaji watu 2 wanaopokezana. Istilahi nyingi za kitaaluma hazina alama zilizozoeleka, hivyo mkalimani huzitamka kwa vidole herufi kwa herufi au hukubaliana na mwanafunzi juu ya alama mpya. Makubaliano hayo huhitaji slaidi kabla ya mhadhara, na mkalimani yuleyule kwa kozi nzima. Chuo kinachowaajiri wakalimani kwa vibarua vya siku hupoteza kila mara msamiati uliokwisha kujengwa. Mwenye ualbino, kwa upande wake, hukosa ubao kwa uoni hafifu na hudhurika na jua. Ratiba inayomvusha uwanja saa 7 mchana kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine hupangwa na mtu ambaye hata hajui kwamba ameamua jambo linalomhusu.

Ratiba, orodha ya vitabu, karatasi ya mtihani: hakuna hata kimoja kilicho mikononi mwa kitengo. Kitengo kinapowekwa chini ya Mlezi wa Wanafunzi, huwa jirani wa mabweni, michezo na ushauri nasaha, ilhali maamuzi yanayokigusa hufanywa katika idara, katika ofisi ya mitihani na hatimaye katika Seneti. Mkuu wa kitengo humwandikia Mkuu wa Idara barua ya kuomba ushirikiano. Lugha ya barua hiyo inastahili kuchunguzwa na watafiti, kwa sababu anayeomba ushirikiano amekubali kwamba anaweza kunyimwa. Barua inayoarifu kwamba marekebisho fulani yameidhinishwa kwa kanuni fulani, yatekelezwe kufikia tarehe fulani, huandikwa tu na ofisi iliyopewa nguvu hiyo. Kwa sababu hiyo, kiongozi mwenye kiti katika kamati ya mitihani ya chuo na anayewajibika moja kwa moja kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo upande wa Taaluma huweza kufanya mengi kwa mashine 2 kuliko mwenzake mwenye mashine 10.

Wahadhiri wanaopinga hawapaswi kudhaniwa wote kuwa wakaidi. Wapo wanaohofia viwango, na hofu hiyo hujibiwa kwa kuuliza mtihani unapima nini. Insha ya historia inapima hoja na ushahidi; kasi ya kuandika haimo, na dakika za ziada hazibadilishi kipimo. Katika ukalimani wa papo kwa papo kasi ni sehemu ya stadi yenyewe, na hapo marekebisho hutafutwa kwingine, kwa mfano katika namna mtahiniwa anavyopokea matini. Jibu hili hutoka kwa mhadhiri na kitengo wakiketi pamoja. Kitengo hakijui somo, na mhadhiri hajui ulemavu.

Swali gumu zaidi hubaki la siku ambayo marekebisho hayakufika. Vyuo vingi vina kanuni ya kuahirisha mtihani kwa ugonjwa au msiba wa mwanafunzi, na anayeahirisha huonekana katika kumbukumbu kuwa ndiye mwenye dharura. Karatasi ya nukta nundu isipokuwa tayari, dharura ni ya chuo. Mwanafunzi akiufanya mtihani hivyohivyo, alama yake huingia katika matokeo bila maelezo, na mtahini wa nje huiona kama alama nyingine yoyote. Kanuni inayotakiwa ni fupi: tarehe ambayo marekebisho yaliidhinishwa na tarehe ambayo yalimfikia mwanafunzi ziandikwe pamoja na alama ya kozi kabla matokeo hayajapelekwa kwenye bodi ya watahini.