Kumtafuta Mfungwa Katika Madaftari ya Marekani

Simu ya usiku ina mlio wake, na mwenye mtoto ng'ambo huutambua kabla hajaipokea. Sauti ya upande wa pili husema kwa haraka kwamba fulani amekamatwa, kisha hukatika, na aliye Tanga, Mombasa au Bukavu hubaki na simu mkononi bila kujua ni mji gani, ni kosa gani, wala ni nani aliyemshika. Hapa kwetu mtu akipatwa na msiba wa namna hiyo, desturi hutufundisha la kufanya: jamaa hufunga safari mpaka kituo cha polisi na chakula na shuka mkononi, wakamsalimu askari wa zamu, naye akafungua daftari lake la matukio na kulipitia kwa kidole, mstari baada ya mstari. Aliyetengwa na bahari mbili hawezi kwenda kusimama mbele ya meza ya askari. Hata hivyo liko daftari liwezalo kufunguliwa kutoka hapa hapa alipo, na makusudi ya makala hii ni kumwonyesha mahali lilipo na namna ya kulisoma, maana kulisoma vibaya kuna madhara sawa na kutolijua.

Uwazi wa madaftari ya namna hiyo una asili yake. Sheria ya Marekani ilirithi kutoka Uingereza kanuni ya kale, iliyotiwa nguvu na Bunge la huko mwaka 1679, ya kwamba mwenye kumfunga mtu aweza kuamriwa na hakimu amlete mbele yake na kueleza kwa haki gani amemfunga. Na ni bayana kwamba amri hiyo haina nguvu yoyote ikiwa jamaa na wakili hawajui mtu wao yu mikononi mwa nani. Serikali iliyo na uwezo wa kumwondoa mwanadamu nyumbani kwake kwa pingu imewajibika kusema hadharani kwamba imemwondoa, na mahali ilipomweka. Mimi nalihesabu wajibu huo kuwa miongoni mwa mambo mema yaliyopata kuandikwa katika sheria za watu, na ndiyo sababu roho huniuma kila nionapo orodha hizo zikitumiwa kwa fedheha na uchumi, jambo nitakalolirudia baadaye.

Kosa la kwanza la mwenye kutafuta ni kudhani kwamba nchi moja ina daftari moja. Marekani haina. Ina kaunti zaidi ya 3,000, majimbo 50, magereza ya serikali ya shirikisho, na mahabusu ya uhamiaji, na kila mamlaka huandika wafungwa wake yenyewe bila kumwandikia jirani yake. Kwa hiyo swali la kuanzia ni hili: ni nani aliyemkamata, na kwa sheria ya nani? Jela ya kaunti, ambayo aghalabu iko chini ya sherifu aliyechaguliwa na wananchi, huwaweka waliokamatwa jana na juzi, wanaongoja kesi, na wale waliohukumiwa vifungo vifupi, kwa kawaida visivyozidi mwaka mmoja. Gereza la jimbo huwachukua waliokwisha kuhukumiwa vifungo virefu zaidi. Katika majimbo machache, kama Connecticut, Delaware na Hawaii, jela na gereza vyote viko chini ya idara moja, lakini hayo ni majimbo ya pekee. Basi aliyekamatwa usiku huu kwa ugomvi wa barabarani mjini Houston hataonekana katika orodha ya magereza ya Texas hata ukiitazama mara mia. Atatafutwa katika orodha ya kaunti ya Harris, na huenda jina lake lisitokee ila baada ya saa kadhaa, mpaka amalizwe kuandikishwa, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Wafungwa wa shirikisho wana idara yao, iliyoundwa mwaka 1930, na daftari la idara hiyo lililo mtandaoni humwonyesha kila aliyefungwa humo tangu 1982 mpaka leo: jina, namba, umri, jinsia, asili, mahali alipo, na tarehe anayotazamiwa kutoka. Kosa lake halitajwi humo. Mwenye kulitaka hana budi kwenda kwenye masjala ya mahakama, ambayo kwa mahakama za shirikisho iko mtandaoni kwa jina la PACER, nayo hutoza senti 10 kwa ukurasa, isizidi dola 3 kwa kila hati katika zilizo nyingi, na humsamehe kabisa asiyepitisha dola 30 katika miezi mitatu. Waliofungwa kabla ya 1982 hutafutwa katika nyaraka za kale, na hapa mwenye kupenda tarikh atapata hazina: majalada ya wafungwa wa Leavenworth, tangu mwaka 1895, yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa mjini Kansas City, na ya Alcatraz, gereza lililodumu kisiwani tangu 1934 hadi 1963, yako San Bruno, karibu na San Francisco.

Liko shimo moja ambamo wengi huanguka. Mtu aliyeshtakiwa kwa sheria ya shirikisho lakini hajahukumiwa yuko chini ya Mamashali wa Marekani, askari wa mahakama za shirikisho, nao kwa kuwa hawana jela zao wenyewe hukodi vitanda katika jela za kaunti. Hivyo jamaa humtafuta katika daftari la shirikisho asimwone, akakata tamaa, ilhali mtu wake amelala katika jela ya kaunti ambayo hakuna aliyeifikiria.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa Waswahili ndilo gumu kuliko yote, nalo ni jina. Sisi wa pwani huitwa kwa jina letu, kisha la baba, kisha la babu. Karatasi ya Mmarekani ina nafasi ya jina la mtu na nafasi ya jina la ukoo, na mwandishi wa zamu, asiyekuwa na nia mbaya wala wakati wa kuuliza, hulichukua jina la mwisho alionalo katika pasipoti na kulifanya ukoo. Tuseme kijana ni Ali Hamadi Khamis: nyumbani ni Ali wa Hamadi, lakini katika daftari amekuwa bwana Khamis, na anayemtafuta kwa jina la Hamadi hatampata kamwe. Kisha huja tahajia. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni jina moja kwa sikio la muumini na ni majina matatu kwa mashine. Khamis si Hamisi, Omar si Omari, wala Rashid si Rashidi. Mkongo huandika jina la ukoo mbele na jina la ubatizo nyuma, na mwandishi aliyezoea kinyume chake huyapindua. Na mkimbizi aliyetoka kambi ya Nyarugusu au ya Kakuma, ambaye siku yake ya kuzaliwa haikuwa na cheti, mara nyingi ameandikiwa kwamba alizaliwa 1 Januari, pamoja na wenziwe wengi sana, hata tarehe hiyo haimtofautishi na mwingine.

Tiba yake ni saburi na kalamu. Kabla ya kutafuta, andika kila sura ya jina uijuayo, na uanze na ile iliyo katika pasipoti au kitambulisho alichokuwa nacho mfukoni siku hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonakiliwa. Mahali ambapo daftari linakubali herufi chache za mwanzo, tia herufi tatu au nne tu kisha uisome orodha yote kwa macho yako, maana jicho la ndugu hutambua kile ambacho mashine imekiruka.

Lakini mara upatapo namba, liache jina. Namba ya mfungwa haina tahajia. Ya shirikisho ni tarakimu tano, kistari, na tarakimu tatu, na hizo tatu za mwisho huonyesha wilaya ya mahakama alikotoka. Ya jimbo la New York humsimulia mwenye kuifahamu habari fupi: tarakimu mbili za kwanza ni mwaka aliopokewa, herufi ifuatayo ni kituo kilichompokea, na tarakimu nne zilizosalia ni zamu yake katika safu ya mwaka huo. Iandike namba hiyo nyuma ya mlango, kama walivyokuwa wazee wakiandika siku za mikopo. Itatakiwa katika barua, katika fedha za matumizi zipelekwazo, na katika kila swali litakaloulizwa kwa simu.

Mahabusu ya uhamiaji yahitaji maelezo yake peke yake, kwa kuwa huko ndiko waliko wengi wa wale tunaoulizwa habari zao. Idara ya uhamiaji, ijulikanayo kwa herufi ICE, ina daftari la kutafutia mtandaoni ambalo halitaki malipo. Njia ni mbili: ama namba ya uhamiaji, yenye herufi A ikifuatwa na tarakimu, pamoja na nchi ya kuzaliwa, ama jina na nchi ya kuzaliwa. Namba hiyo lazima iwe na tarakimu tisa, na iliyo na nane hutanguliziwa sifuri. Jina nalo lazima liwe sawa na lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, bila huruma. Walio chini ya miaka 18 hawaonyeshwi kabisa, na ni haki. Kwa hiyo nawasihi walio ng'ambo, wenye hati na wasio nazo: mpelekeeni mtu mmoja mnayemwamini nyumbani namba hiyo ya uhamiaji, kama mnayo, leo, mkiwa huru na wazima. Na jamaa asishangae akimwona mtu wake leo Minnesota, baada ya siku chache Louisiana au Texas, ambako vituo vya mahabusu ni vingi. Wanahamishwa mara kwa mara, na daftari hufuata nyuma.

Wako pia mabalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963, katika ibara ya 36, humpa mgeni aliyefungwa haki ya kuambiwa kwamba aweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Tanzania imo katika orodha ya nchi ambazo Wamarekani wanalazimika kuujulisha ubalozi wao hata mfungwa asipoomba. Kenya, Uganda na Kongo hazimo, na raia wao hawana budi kuomba wenyewe. Tahadhari moja: aliyeikimbia serikali ya nchi yake na kuomba hifadhi asipelekewe balozi wa serikali ile ile na ndugu mwenye haraka, mpaka wakili wake ametoa idhini.

Sasa nirudi kwenye madhara. Wengi wa waliomo katika jela za kaunti hawajahukumiwa. Wametuhumiwa tu, na wengine watatoka bila doa. Hata hivyo kaunti nyingi huchapisha picha zao saa ile ile waliyoandikishwa, uso umevimba kwa usingizi au kwa machozi, na wamepata kutokea wafanyabiashara waliozinakili picha hizo kwa maelfu, wakazitundika katika tovuti zao, kisha wakamwambia mwenye uso: lipa, tukuondoe. Georgia na California ni miongoni mwa majimbo yaliyopiga marufuku malipo hayo. Mahakama ya rufani ya shirikisho huko Cincinnati, mwaka 2016, ilikubali kwamba picha ya mtuhumiwa ina faragha yake, na kwamba serikali ya shirikisho si lazima kuitoa kwa kila aulizaye. Naiunga mkono hukumu hiyo kwa moyo wote: kujua kwamba mtu amefungwa na mahali alipo ni kinga yake, lakini sura yake katika saa ya dhiki haimlindi yeyote. Msomaji aonapo jina la jirani katika orodha, asome tena neno lililo kando yake, kama ni tuhuma au ni hukumu, kabla hajamwambia mtu wa tatu.

Matapeli nao husoma orodha hizo hizo. Hupiga simu kwa jamaa, wakajifanya maofisa wa sherifu, wakataja namba na kosa kwa usahihi, wakataka dhamana ilipwe upesi kwa njia isiyoacha alama. Usahihi wao usikutishe, kwa kuwa wamesoma ulichokisoma wewe. Kata simu, uitafute mwenyewe namba ya jela katika tovuti ya kaunti, uulize. Na ujihadhari na tovuti zidaizo ada kwa kutafuta jina, maana madaftari ya serikali niliyoyataja kwa kutafutia watu hayatozi.

Wapo pia wanaotafuta kwa sababu iliyo kinyume na ya mama mwenye mtoto jela. Mwaka 1993, mjini Louisville katika Kentucky, binti mmoja aliuawa siku alipotimiza miaka 21 na mwanamume aliyekuwa amefungwa kwa kumdhulumu, akaachiliwa bila binti huyo kuambiwa. Mwaka uliofuata mji ule ulianzisha mtambo wa kumpigia simu aliyedhulumiwa mara tu mfungwa atokapo, na leo huduma hiyo, iitwayo VINE, imeenea katika majimbo mengi, na jamaa wa mfungwa nao huweza kujiandikisha humo wapewe habari atakapohamishwa au kutolewa.

Na lipo neno moja katika madaftari haya ambalo limewaumiza watu niwajuao, nalo ni lile lisemalo kwamba mfungwa ameachiliwa. Mama hulisoma, akapiga vigelegele, akachinja kuku, akangoja simu. Lakini daftari la gereza huandika tu kwamba mtu hayumo tena mikononi mwa gereza. Asiye raia aliyemaliza kifungo chake aweza kuwa amengojewa mlangoni na gari la uhamiaji, akapita kutoka daftari moja hadi jingine bila kukanyaga barabara, na jina lake lisionekane kwa siku moja au mbili mahali popote. Siku hizo asikae mtu akingoja. Achukue namba ya A, alifungue daftari la uhamiaji, ajaribu asubuhi na jioni, na ikiwa siku ya tatu bado hakuna kitu, ampigie wakili, kisha ofisi ya uhamiaji ya mji ule, akiwa na tarehe na saa ya kuachiliwa imeandikwa mbele yake.