Asubuhi Jembe, Alasiri Sindano

Mvua za Kiplombe zina mwendo wake, na aliyeuzoea huipanga siku yake kwa mwendo huo kama aipangavyo kwa adhana. Katika miezi ya Aprili na Mei asubuhi huwa kweupe. Umande umelala juu ya majani, na jua la Uasin Gishu, ambalo halichomi kama la kwetu pwani, hupanda taratibu. Adhuhuri ikipita, mawingu huanza kurundikana, na aghalabu Alasiri haifiki kabla mabati hayajaanza kulia. Kufikia hapo mama mwenye bustani huwa amekwisha kuosha udongo mikononi, amefunga mlango wa nyuma, ameketi karibu na dirisha na kapu lake la nyuzi.

Haya nayaandika kwa ajili ya akina mama wa pwani ambao, kama mimi, riziki ya nyumba imewapeleka bara, na pia kwa walio pwani wanaosikia kwamba huku kila mtu ana shamba wakadhani mboga huota bila ya kuhangaikiwa. Kiplombe ni wadi ya viungani mwa Eldoret, mji uliokabidhiwa hadhi ya jiji mwezi Agosti 2024. Tupo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na kutoka Mombasa ni safari ya karibu kilomita 800. Mji wenyewe si mgeni wa mambo ya nguo: hapa kipo kiwanda cha Rivatex, ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikichukua mwaka 2007 na kikafunguliwa upya mwaka 2019 kikiwa na mitambo mipya. Lakini nguo nitakayoisema ni ile ikaayo mapajani, na shamba nitakalolisema ni lile la nyuma ya jiko, ambalo kwangu halizidi hatua 12 kwa 8.

Mwaka wa kwanza nilikuja na mbegu za mabamia nimezifunga katika pindo la leso, kwa kuwa sikuweza kuiwazia nyumba yangu bila ya bamia. Nilizipanda mvua zilipoanza. Zikachukua muda mrefu kuchomoza, na zilipochomoza zilisimama pale pale, urefu wa kidole, majani yamekunjamana kama yenye kuona haya. Bamia ni mtoto wa joto. Usiku wa huku ulimshinda. Katikati ya mabamia yangu yaliyodumaa palikuwa pameota kitu kingine, kibichi na chenye afya, nami nikawa naking'oa na kukitupa kando ya ua. Bibi jirani yangu, ambaye sote mtaani twamwita Kogo kwa lugha ya Kikalenjin, alisimama uani akanitazama kwa muda kisha akasema: "Mama, mbona unatupa mboga?"

Nikaokota mche mmoja nikautazama vyema. Ulikuwa mnavu, ule ule niliokuwa nikitumwa kuununua Kongowea nikiwa msichana. Huku wengi huuita managu. Nilikuwa nimesafiri na mbegu ya kitu kisichotaka kuota, nikawa natupa kile nilichokijua tangu utotoni kwa sababu tu sikukitazamia mahali pale.

Tangu siku hiyo bustani yangu imefuata ushauri wa Kogo zaidi kuliko matamanio yangu. Mbegu za mnavu ni ndogo mno, nazo huchanganywa na mchanga au jivu kavu ili zisimwagike zote mahali pamoja. Miche ikifika kimo cha kiganja, huhamishwa kutoka kitaluni jioni, udongo ukiwa umelowa. Baada ya wiki kadhaa hukatwa kilele, na hapo ndipo matawi hutoka kwa wingi. Asiyekata kilele kwa huruma hupata mti mrefu wenye majani machache. Mgagani, ambao huku huitwa saga, hautaki kuhamishwa kabisa. Hupandwa pale pale utakapoishi, na maua yake huchumwa mapema, la sivyo hukimbilia kuzaa mbegu na majani yakawa madogo na machungu. Sukuma wiki ndiyo mvumilivu kuliko wote: huhamishwa ikiwa na majani manne au matano, kwa nafasi ya takriban sentimita 45 hadi 60 baina ya mche na mche, kisha huchumwa kutoka chini kwenda juu kwa miezi mingi. Kotmiri hupandwa kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu, kwani kotmiri iliyopandwa yote siku moja hukomaa yote siku moja, na hakuna nyumba iwezayo kula kotmiri ya namna hiyo.

Samadi ni lazima iwe imeoza. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, na hili pia nililijua kwa kuunguza. Kuna funza mmoja akatae miche usiku kwenye shina, akauacha umelala asubuhi kana kwamba umechoka. Dawa yangu ni kufukua kwa kijiti kando ya mche uliokatwa, kwa maana aghalabu huwa bado yupo, amejikunja, sentimita chache chini. Vidukari huondoshwa kwa maji ya sabuni. Mvua ya mawe haina dawa. Ikipiga, majani hutobolewa kama chujio, nawe huyala hivyo hivyo.

Kwa walio katika nyumba za kupanga zisizo na kiwanja, gunia moja latosha kuanzia. Husimamishwa, katikati hupangwa nguzo ya mawe madogo kutoka chini hadi juu ili maji yapenye, pembeni hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, kisha ubavuni hutobolewa matundu ambamo miche huingizwa. Gunia moja hubeba miche 30 na zaidi. Nimeliona gunia la namna hii kwenye ngazi ya nyumba ya ghorofa, likilisha watu watano.

Na mapishi? Nazi huku hufika ikiwa imesafiri siku nzima, na bei yake husafiri pamoja nayo. Wenyeji huupika mnavu na mgagani kwa maziwa, huuacha ulale usiku kucha, na siku ya pili uchungu huwa umetulia. Nilipouonja mara ya kwanza nilikumbuka tui. Si ladha moja, lakini ni wazo moja: utamu mzito unaofunika uchungu wa jani. Siku za wageni kutoka pwani hupika kwa nazi. Siku nyingine zote hupika kama Kogo.

Sasa niingie katika sindano, ambayo ndiyo iliyonifanya niione thamani ya bustani.

Mimi hushona kofia za vito kwa mkono, kazi ambayo Lamu na visiwa vyake vimejulikana kwayo, na ambayo niliifunzwa na shangazi yangu. Asiyeijua hudhani ni urembo tu. Kitambaa cheupe hukunjwa tabaka, huchorwa nakshi, kisha kila kitundu kidogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi pande zote mpaka kikaze, na vitundu hivyo katika kofia moja huwa mamia. Mtu mwenye watoto na jiko huweza kuimaliza kwa mwezi mmoja, au miwili, au zaidi, kwa kadiri nakshi ilivyo.

Hebu tupige hesabu, kwani wengi wetu hatuipigi. Tuseme umeshona saa 3 kila siku kwa siku 30. Hizo ni saa 90. Tuseme umeiuza kofia hiyo kwa shilingi 3,000, na kitambaa na uzi vilikugharimu 400. Zimebaki 2,600. Zigawe kwa saa 90: ni chini ya shilingi 29 kwa saa. Hakuna kibarua wa kupalilia mahindi hapa Kiplombe ambaye angekubali malipo hayo, na jembe halihitaji macho kama sindano.

Mwaka wangu wa kwanza niliuza kofia mbili kwa bei iliyo chini hata ya hiyo. Ulikuwa mwisho wa mwezi, fedha za sokoni zimekwisha, na mchuuzi amesimama mlangoni na noti mkononi. Simlaumu. Aliinunua haja yangu, na haja siku zote huuzwa rahisi. Lakini nilikaa na uchungu wake siku nyingi, kwa kuwa Idd ilikuwa imebakiza wiki sita tu, na kofia zile zingepata mtu wa kuzistahi.

Hapa ndipo bustani na sindano zilipokutana. Nyumba inunuayo mboga za shilingi 50 kila siku hutumia shilingi 1,500 kwa mwezi. Bustani ilipoanza kutoa, hizo 1,500 zilibaki mkononi. Wala si fedha nyingi. Lakini ndizo zilezile nilizokuwa nikizikimbilia kwa mchuuzi. Kofia iliyokamilika sasa huoshwa, hupigwa pasi, hufungwa katika kitambaa safi ikangoja kabatini. Mbona majani ya mnavu hayangoji? Yakichumwa leo huliwa leo au kesho. Kile kisichoweza kungoja ndicho kinachokinunulia muda kile kiwezacho. Nawaomba dada zangu washonaji walifikirie hili kabla hawajafikiria kununua cherehani ya mkopo.

Zipo kalenda mbili za kuzingatia. Mboga hufuata jua: mvua za huku huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi karibu Septemba au Oktoba, tofauti na pwani ambako masika huwa na mwisho wake na vuli ina mwanzo wake. Kofia hufuata mwezi mwandamo: watu huzitaka Idd mbili, Maulidi, na harusi za baada ya Ramadhani. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa takriban siku 11, kwa hiyo msimu wa kofia husogea nyuma dhidi ya msimu wa mboga. Mwaka 2025 Idd-ul-Fitri iliangukia mwisho wa Machi, mvua zikianza, wakati mtu alitakiwa awe kitaluni na kwenye sindano kwa pamoja. Miaka inayofuata inaipeleka Idd ndani ya kiangazi cha Januari na Februari, ambapo bustani imelala na mikono ina nafasi. Mshonaji na aipange kazi yake kwa kuyatazama yote mawili.

Iko taabu moja ambayo hakuna aliyenionya: mikono. Vidole vilivyoshika jembe hupata magamba, na magamba hunasa uzi mwembamba na kuuchafua. Nilipoteza sehemu nzima ya nakshi kwa sababu hiyo. Sasa huvaa glavu kuukuu nikilima, nikimaliza husugua vidole kwa limau na sukari, hupaka mafuta ya nazi kidogo, hungoja yakauke, kisha hunawa tena kwa sabuni. Na mwanga nao ni taabu: uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mvua imetia giza, ni kuyaua macho. Siku ya giza huiacha kofia na kuchukua sufi.

Sufi pia nilifundishwa na mahali. Mwezi Julai huku ni baridi ya kweli, na watoto wachanga huvikwa kofia na soksi za kufuma mchana na usiku. Mtu wa Kiplombe asiyejua kofia ya vito ni kitu gani huijua sana kofia ya mtoto. Hufumwa kwa jioni mbili, hata gizani kwa kupapasa, na huuzwa kwa majirani bila ya dalali. Binti yangu wa miaka 11 huzifuma. Mdogo wake wa kiume, ambaye huona haya kuonekana na wenzake, huzungusha mabunda ya nyuzi na kudai malipo.

Mwezi uliopita Kogo alikuja na karatasi iliyokunjwa, ndani yake mbegu za saga alizozikausha mwenyewe, nyeusi na ndogo kama baruti. Nikamuuliza bei. Akasema mjukuu wake amejifungua, na Julai haiko mbali. Nimekwisha kuanza, ya rangi ya majani, na pembeni nimeizungushia ukingo mmoja wa vito, ingawa vito si desturi ya sufi na sijui kama vitakaza.