Spea za Safari Ndefu ya Pikipiki (Sehemu ya Pili): Kipimo ni Umbali

Wiki iliyopita tulieleza ukaguzi wa pikipiki kabla ya safari. Leo tufungue mkoba wa spea, mahali ambapo waendeshaji wengi hukosea kwa namna mbili: mmoja hubeba nusu ya duka, mwingine huondoka mikono mitupu. Wote wawili huanzia kwenye swali lilelile, yaani kifaa gani huharibika mara nyingi. Swali hilo linamfaa mwenye duka anayejaza rafu zake. Msafiri ana lake: kifaa gani kikifa kitaisimamisha pikipiki kabisa, mahali ambapo hakuna wa kuniuzia kingine? Kwa maoni yangu spea ya safari hupimwa kwa kilomita zilizopo kati ya dereva na kifaa kingine cha aina hiyohiyo. Bei yake, na hata sifa yake ya kuharibika, huja nyuma ya hapo.

Tuchukue njia ya magharibi, kutoka Mbeya kupitia Tunduma, Sumbawanga na Mpanda hadi Kigoma. Tunduma na Sumbawanga peke yake zimeachana kwa zaidi ya kilomita 200, na kati ya Sumbawanga na Mpanda barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, ambako si busara kukaa kando ya njia jua likizama. Mwenye pikipiki ya cc 125 au 150, ya aina wanayotumia bodaboda, atakuta plagi, breki shuu na waya za klachi katika kila mji na hata katika vijiji vikubwa. Hali hii ina chanzo chake. Honda ilipotoa CG125 mwaka 1976, iliiunda kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na kucheleweshewa matengenezo. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo kwa wingi, na leo spea zake nyingi huingiliana hata kama majina ubavuni ni tofauti. Lakini mwenye pikipiki kubwa ya injekta katika njia hiyohiyo ni kama yuko nchi nyingine. Tazama rektifaya, kifaa kinachotuliza umeme unaokwenda kwenye betri. Ikifa kwenye pikipiki ndogo ya kabureta, mara nyingi injini huendelea kunguruma, kwa kuwa moto wa plagi hutoka moja kwa moja kwenye koili za injini. Ikifa kwenye ile ya injekta, betri huisha, pampu ya mafuta husimama, na safari imekwisha. Hitilafu ni moja. Mmoja aiache rektifaya dukani, mwingine asitoke nyumbani bila ya akiba.

Kuhusu tyubu hakuna mjadala, ila kuna la kujua. Pikipiki nyingi za njia mbaya zina ringi ya inchi 21 mbele na 18 au 17 nyuma. Mwenye nafasi ya tyubu moja tu abebe ya mbele, maana inaweza kukunjwakunjwa ndani ya tairi la nyuma ikamfikisha mji unaofuata. Ya nyuma, kwa unene wake, haiingii mbele. Solusheni ya viraka iwe mpya isiyofunguliwa, kwa sababu ikishafunguliwa hukauka kimyakimya. Kisha loki ya cheni, yaani kile kiungo cha kuunganishia ncha zake. Ni gramu chache tu, lakini cheni ikikatika hakuna waya wala kamba itakayoshika mahali pake. Namba iangaliwe: cheni ya 428 ina hatua ya milimita 12.7, ya 520 ina karibu 15.9, na loki ya moja haifungi nyingine. Kwa waya za klachi na za mafuta, napendekeza mpya zifungwe kabla ya safari na zile za zamani, kama bado nzima, ziwekwe akiba. Zimekwisha kuthibitisha kwamba zinaingia. Waya iliyotoka dukani ikiwa bado kwenye mfuko haijathibitisha lolote.

Wapo watakaosema siku hizi simu moja inatosha, spea italetwa na basi. Hoja hii ina nguvu, nami naikubali kwa sehemu kubwa. Ndiyo maana pistoni, sahani za klachi na beringi za injini zibaki nyumbani, na orodha ya namba zake dereva aibebe mfukoni. Lakini basi humshushia mzigo aliyeko stendi. Kwa hiyo kazi ya mkoba ni kumfikisha mtu stendi, na hapo kazi yake inaishia. Wengine watauliza kwa nini tusibebe vyote tuwe salama. Jibu liko kwenye gurudumu la nyuma: uzito wote huo hukaa juu yake, huelemea spoki na kuchosha tyubu, kiasi kwamba tahadhari yenyewe huzaa pancha. Mkoba ukizidi kilo nne, kwa pikipiki ndogo, upunguzwe. Na kwa asiyejua kufunga kifaa alichobeba, ajifunze uani kwake, kwa zana zilezile atakazosafiri nazo, maana katikati ya pori fundi hayupo.

Vifaa hivi vyote huharibiwa pia na mtikisiko wa safari. Tyubu ya akiba ikilala pamoja na spana itatoboka kabla haijawahi kutiwa upepo. Ipakwe poda, ifungwe kitambaani na iwekwe peke yake. Plagi ikae kwenye kijiboksi chake, ncha yake isigongwe.